Panki ya gereji 2024: ubichi huamuliwa kabla ya kurekodi

Tarehe 19 Julai 2024, watu walionunua bidhaa katika maduka ya Third Man Records ya Nashville, Detroit na London walikuta wametiliwa mfukoni santuri ya ziada yenye lebo nyeupe, isiyo na jina la msanii wala orodha ya nyimbo. Ilikuwa albamu mpya ya Jack White, mpiga gitaa na mwimbaji wa Marekani. Kampuni yake yenyewe iliwahimiza waliobahatika wainakili na kuisambaza, na wiki mbili baadaye, tarehe 2 Agosti, ikatolewa rasmi kwa jina la No Name. Usambazaji wa aina hiyo haumshangazi mtu wa Mwanza, maana hapa nyimbo zimetembea kwa memori kadi, flashi na Bluetooth tangu simu zilipoanza kupiga muziki. Cha kujadili ni sauti yenyewe. Gitaa linakaribia kupasuka, drams zinasikika zikiwa chumbani, mwimbaji amesukuma koo mpaka mwisho, na bado kila pigo unalipata.

Mwaka 2024 ulikuwa mzuri kwa panki ya gereji, yaani muziki wa gitaa mkali na usiosafishwa, na jamaa zake. Rekodi tano tunazozitaja hapa ndizo tulizozirudia zaidi, na zote zinatupeleka kwenye hoja moja: ubichi wa muziki huu unatokana na maamuzi yanayofanywa kabla ya kurekodi. Hauletwi na vifaa vibovu, wala na programu ya kuchafua sauti baada ya kazi kwisha. Tunawaambia hili vijana wenye bendi Mwanza, Musoma na Bukoba, kwa sababu kosa linalosikika mara nyingi katika demo za kanda ya ziwa ni lile lile. Drams zimepangwa kwa kompyuta, kila pigo limenyooshwa; gitaa limechomekwa moja kwa moja kwenye saundikadi (kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta) bila amplifaya; kisha mkwaruzo umewekwa juu mwishoni. Makelele yapo, nguvu haipo.

Nguvu ya mtindo huu ilitoka wapi? Jina limetokana na vijana wa Marekani wa miaka ya 1960 waliofanya mazoezi kwenye gereji za nyumbani kwao. The Sonics wa Tacoma walitoa albamu yao ya kwanza mwaka 1965, wakipiga kwa sauti kubwa kuliko maiki za wakati ule zilivyoweza kumeza. Kabla yao, mwaka 1958, Link Wray alitoboa spika ya amplifaya yake kwa penseli ili gitaa likwaruze, na mwaka 1964 Dave Davies wa The Kinks akaichana kwa wembe spika ya kiamplifaya chake kidogo. Mafundi hawa waliiharibu sauti pale inapozaliwa, kisha wakairekodi ilivyo. Mpigaji aliusikia mkwaruzo wakati anapiga, na mkono wake ukaufuata: akapunguza noti, akabana nyuzi, akaacha nafasi. Ukiweka mkwaruzo baadaye, mkono ulishapiga kwa namna ya gitaa safi, na hakuna programu inayoweza kuurudisha nyuma.

Kwetu nako utaratibu huu una mizizi. Bendi za muziki wa dansi zilizorekodi Radio Tanzania Dar es Salaam zilipiga pamoja ndani ya chumba kimoja, waimbaji, magitaa, tarumbeta na tumba kwa wakati mmoja, na mizani ya vyombo ilitafutwa kwa kumsogeza mtu karibu au mbali na maiki. Ukisikiliza kanda zile leo unasikia chumba. Bendi ya panki ya Nyegezi au Kirumba, hapa Mwanza, inaweza kujifunza kwa wazee wa dansi mambo mengi kuliko kwa video za mafunzo za intaneti.

Turudi kwenye rekodi za mwaka. Cartoon Darkness ya Amyl and the Sniffers, kutoka Melbourne, Australia, ilitoka tarehe 25 Oktoba. Nyimbo 13, dakika kama 34. Ilirekodiwa Los Angeles katika studio ya Foo Fighters, mtayarishaji akiwa Nick Launay, na studio hiyo ndiyo yenye miksa (meza ya kuchanganyia sauti) ya Neve iliyotoka studio ya Sound City, ile ile iliyotumika kurekodi Nevermind ya Nirvana. Kifaa cha gharama kubwa namna hiyo hakikuwalainisha hata kidogo. Bendi hii ndiyo iliyoanza mwaka 2016 kwa kazi fupi ya nyimbo nne waliyoitunga, kuirekodi na kuitoa ndani ya saa 12 nyumbani kwao. Ukizilinganisha kazi hizi mbili, unaona kilichobaki mahali pake: gitaa moja, besi moja, drams na Amy Taylor anayetamka kama mtu anayegombana nawe uso kwa uso. Gitaa likiingia kwenye solo, mara nyingi chini yake hakuna gitaa la pili la kuziba pengo. Besi peke yake inabeba, na pengo lile ndilo linalofanya solo ionekane kubwa. Big Dreams, mmoja wa nyimbo za polepole katika albamu, unathibitisha kwamba kasi si sharti.

Rekodi yetu ya mwaka, hata hivyo, ni Funeral for Justice ya Mdou Moctar wa Niger, iliyotoka tarehe 3 Mei. Kuna watakaosema si panki ya gereji. Sisi tunasema ni panki ya gereji kuliko nyingi zinazojiita hivyo: bendi ya watu wanne, nyimbo tisa, mashairi ya Kitamasheki yanayoitaja Ufaransa kwa jina na kuwauliza viongozi wa Afrika maswali bila kuzunguka. Mdou hupiga kwa mkono wa kushoto, kwa vidole, bila kipande cha plastiki, na gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe akitumia waya za breki za baiskeli badala ya nyuzi. Albamu yake ya kwanza, Anar, aliirekodi Sokoto, Nigeria, mwaka 2008, na ilikuwa na drams za mashine na sauti iliyopitishwa kwenye Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti ya mwimbaji. Ilisambaa Sahara nzima kutoka simu hadi simu. Kwa hiyo hatudai kwamba kompyuta ni haramu. Tunachodai ni kwamba sikio lako liweze kutofautisha Anar na Funeral for Justice: katika ile ya pili, Souleymane Ibrahim anapoongeza kasi kwenye drams, gitaa la rithimu la Ahmoudou Madassane na besi ya Mikey Coltun vinasukumwa naye papo hapo, na wimbo unaisha kwa mwendo mkubwa kuliko ulioanza nao. Mashine ya kuhesabu mapigo ingeua jambo hilo.

Osees wa California walitoa SORCS 80 tarehe 9 Agosti. Hawakutumia gitaa. John Dwyer na Tom Dolas walipiga sampla (mashine za kupiga vipande vya sauti vilivyorekodiwa) badala ya gitaa na kinanda, mbele ya wapiga drams wawili. Wimbo mmoja mmoja unachosha, lakini albamu nzima inaonyesha kwamba gereji haimo ndani ya gitaa.

Na kama haimo ndani ya gitaa, basi Singeli Ya Maajabu ya Sisso na Maiko ina haki ya kuwa kwenye orodha hii. Imetolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ng'ambo ya ziwa letu, kampuni ile ile iliyokusanya Sounds of Sisso mwaka 2017 na kuipeleka singeli ya Dar es Salaam duniani. Jamaa zao ndio wenye tamasha la Jinja lililoanza mwaka 2015. Maiko yuko kwenye kinanda, Sisso kwenye kompyuta, mwendo unapita mapigo 200 kwa dakika, na unasikia kabisa kwamba kinanda kinapigwa na mtu: vidole vinachelewa, vinawahi, vinarudia kosa mpaka linakuwa kiitikio. Vifaa vyao ni vya bei ya kawaida. Amyl and the Sniffers kule Los Angeles walikuwa na miksa ya kihistoria. Kinachowaunganisha ni kwamba wote walikuwa na vyombo vichache, walipiga kwa pamoja, na sauti ilikuwa tayari kabla haijaingia kwenye mashine.

Sasa tuje kwenye chumba cha Mwanza.

Vyumba vingi vya mazoezi hapa ni vya tofali za bloku, sakafu ya saruji, bati juu, na mara nyingi mita 3 kwa mita 3. Umbo la mraba ndilo adui wa kwanza. Kwa joto letu sauti husafiri kama mita 347 kwa sekunde, kwa hiyo kuta mbili zilizoachana mita 3 huvimbisha mawimbi ya takriban heziti (mitetemo kwa sekunde) 58. Kuta nyingine mbili zikiwa na umbali huo huo, uvimbe unajumlishwa, na dari ikiwa nayo mita 3, unajumlishwa tena. Heziti 58 ni freti ya kwanza ya uzi wa A kwenye gitaa la besi. Ndiyo maana besi inanguruma kwenye noti moja na kupotea kwenye zinazofuata, na kijana anadhani amplifaya yake mbovu. Ukipata chumba cha mita 3 kwa 4.2, kichukue hata kama kimechakaa. Ukibaki na cha mraba, ondoa amplifaya ya besi kwenye kona, iweke kama mita 1 kutoka ukutani, au acha kabisa kutumia spika ya besi siku ya kurekodi: chomeka besi kwenye tundu la ala la saundikadi, mpigaji asikilize kwa hedifoni.

Trei za mayai ziache. Hazizuii sauti kutoka nje, na hazigusi besi. Zinatawanya kidogo tu sauti za juu, na zinashika moto haraka. Kinachofanya kazi ni unene na uzito. Godoro la inchi 6 lisimamishwe nyuma ya mpiga drams, likiachwa sentimita 10 kutoka ukutani. Kwenye kona, panga viroba vya pumba za mpunga kutoka sakafuni hadi darini. Mashine za kukoboa hazikosi pumba. Zikaushe juani kwanza siku mbili au tatu, funga viroba vizuri, na viinue juu ya mbao, kwa sababu pumba zenye unyevu huota ukungu na panya huzipenda. Usifunike kuta zote. Chumba kilichokufa kabisa kinatoa drams zinazosikika kama boksi, na gereji inahitaji kuta zijibu. Theluthi moja ya eneo la kuta inatosha.

Bati lina ratiba yake. Vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei si miezi ya kupanga kurekodi chini ya bati lisilo na dari, na mvua za ziwa hupenda kuja usiku na alfajiri. Hata siku kavu bati hulia jua linapolipasha asubuhi na linapopoa jioni, zile kelele fupi za kupasuka ambazo maiki ya drams inazinasa vizuri sana. Kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 9 alasiri linatulia. Joto litasumbua nyuzi, basi tyuni kila baada ya wimbo.

Kwa drams maiki tatu zinatosha. Moja mbele ya kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, sentimita 10 hivi kutoka kwenye ngozi. Nyingine juu ya snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, mita 1 wima. Ya tatu upande wa kulia wa mpigaji, juu kidogo ya tomu ya chini, ikielekezwa kwenye snea, nayo iwe mita 1 kamili kutoka katikati ya snea. Pima kwa kamba: mwisho mmoja katikati ya snea, mwingine kwenye kichwa cha maiki. Umbali ukitofautiana, pigo la snea linafika kwenye maiki hizo mbili kwa nyakati tofauti, mawimbi yanakulana, na snea inakonda. Wengi hujaribu kuirekebisha kwa kuongeza besi kwenye programu, wakati dawa ilikuwa kamba ya mita 1. Matoazi yakizidi, usiguse maiki; mwambie mpigaji apige matoazi taratibu na snea kwa nguvu. Hilo ni suala la mikono yake, na rekodi zenye drams tulizozitaja zina wapigaji wanaojua mizani hiyo.

Amplifaya ya gitaa iwe ndogo. Wati 10 au 15 iliyofunguliwa mpaka mwisho inafaa kuliko wati 100 iliyobanwa, kwa sababu ile ndogo inakwaruza kwenye spika yenyewe na haiwafukuzi wenzako chumbani. Iweke juu ya kreti ya soda ili sakafu isiivimbishe, mita 2 hadi 3 kutoka kwenye drams, mgongo wake ukiwa upande wa maiki za drams. Maiki ya gitaa ikae sentimita 3 kutoka kwenye kitambaa, ikilenga nusu ya njia kati ya kitovu cha spika na ukingo wake. Ukilenga kitovu unapata sindano. Ukilenga ukingo unapata blanketi. Gitaa litavuja kwenye maiki za drams, na lazima livuje, maana huo mvujo ndio gundi. Ila maana yake ni kwamba kosa la gitaa haliwezi kufutwa baadaye, hivyo bendi ijifunze wimbo hadi uishe.

Kama huna kifaa cha kukwaruza, tengeneza. Mzunguko wa zamani wa fazi (ndicho kifaa hicho cha kukwaruza) wa transista mbili unapatikana kwa vipande ambavyo mafundi redio wengi wanavyo kwenye makopo: transista 2 za silikoni, rezista za kiloomu 33, 8.2 na 100 na moja ya omu 470, kapasita za mikrofaradi 2.2, 22 na 0.01, volyumu ya kiloomu 1 na nyingine ya kiloomu 500, na betri ya volti 9. Transista ina miguu mitatu: beizi, kolekta na emita. Gitaa linaingia kwenye beizi ya transista ya kwanza kupitia mikrofaradi 2.2. Kolekta yake inapanda kwenye volti 9 kupitia kiloomu 33 na kugusa moja kwa moja beizi ya transista ya pili. Emita yake inakwenda ethi, yaani upande hasi wa betri. Kolekta ya pili inapitia 8.2 kisha omu 470 hadi kwenye volti 9, na sauti inachukuliwa katikati ya rezista hizo mbili kupitia 0.01 kwenda kwenye volyumu ya 500. Emita ya pili inashuka ethi kupitia volyumu ya kiloomu 1, ambayo mguu wake wa kati umefungwa ethi kupitia mikrofaradi 22, na kiloomu 100 inarudi kutoka emita ya pili hadi beizi ya kwanza.

Mambo matatu huharibika. La kwanza ni miguu ya transista: 2N3904 ukiitazama upande bapa, miguu chini, inasomeka emita, beizi, kolekta kutoka kushoto, na BC547 ni kinyume chake. Ukizibadilisha bila kuangalia, sauti inatoka dhaifu au haitoki. La pili ni volti. Pima kolekta ya transista ya pili. Inatakiwa iwe karibu na 4.5. Ikiwa 1 au 8, gitaa litakohoa na kukatika noti inapofifia. Weka trima (rezista ndogo ya kuzungusha) ya kiloomu 10 mahali pa 8.2 uzungushe mpaka ifike. La tatu ni redio. Transista za silikoni hushika stesheni, hasa kwenye mji wenye minara vilimani kama huu. Lehemu kapasita ya pikofaradi 47 hadi 100 kati ya kolekta na beizi ya transista ya kwanza na itanyamaza. Fazi hii ikae ya kwanza baada ya gitaa. Ukiweka pedali nyingine kati ya gitaa na fazi, volyumu ya gitaa haitaweza tena kuisafisha, na kuisafisha kwa kidole ndiko kunakoleta beti tulivu na kiitikio kikali bila kukanyaga chochote.

Sauti ya mwimbaji ndiyo inayopotea zaidi katika demo za huku, kwa kuwa hurekodiwa mwisho, peke yake, kwenye hedifoni, mtu akiwa amekaa. Mwache aimbe na bendi, hata kama utairudia baadaye, ili wengine wamjibu. Na ukitaka ule ukali wa sauti inayotoka kwenye kopo, usiutafute kwenye programu. Azima spika ya honi, hizi za magari ya matangazo, imbia humo kupitia maiki na amplifaya, na uweke maiki nyingine sentimita 30 mbele yake. Angalia kwanza kama honi ina transfoma ya laini ya volti 100. Ikiwa nayo, tumia amplifaya yenye tundu hilo au uipite transfoma uende moja kwa moja kwenye koili. Koili ya honi huungua ikipelekewa sauti za chini, hivyo weka kapasita mfululizo kwenye waya wake: mikrofaradi 47 isiyo na polariti kwa honi ya omu 8 inakata chini ya heziti 420 hivi, na kwa omu 16 nusu ya hiyo inatosha. Kama haipatikani, kapasita 2 za kawaida za mikrofaradi 100, volti 50, zikiunganishwa hasi kwa hasi, zinafanya kazi hiyo hiyo.

Umeme una sura zake. Mngurumo wa heziti 50 kwenye gitaa mara nyingi ni vifaa kuchomekwa kwenye soketi tofauti. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Kelele nyembamba kama nzi ni chaja ya kompyuta. Ichomoe urekodi kwa betri. Inveta za bei nafuu zisizotoa wimbi laini zitaleta mlio ambao hautoki, na jenereta ikae nyuma ya nyumba. Jambo moja ni la uhai: usikate mguu wa ethi wa plagi ili kuondoa mngurumo. Mwimbaji aliyeshika maiki ya chuma huku mdomo ukigusa, na mpigaji mwenye nyuzi za gitaa mkononi, wakigusana wakati amplifaya moja haina ethi, mmoja anaweza kufa. Mikono yenye jasho na sakafu yenye maji huongeza hatari.

Rekodi kwa biti 24 na heziti 48,000, vilele vya sauti vikiishia kwenye desibeli -10. Chaneli 4 kwa ubora huo hula takriban megabaiti 35 kwa dakika, kwa hiyo majaribio kumi ya wimbo wa dakika 3 ni gigabaiti 1 hivi. Futa yasiyofaa siku hiyo hiyo. Tunashauri yasizidi manne kwa wimbo. Baada ya la nne mwili umechoka na bendi inaanza kupiga kwa tahadhari, na tahadhari ndiyo inayosikika kwanza.

Katika kuchanganya, fanya machache. Kata kila kitu chini ya heziti 35, punguza desibeli 2 au 3 kati ya heziti 250 na 400 ambako bloku na bati hurundika tope, na acha matoazi. Limita, yaani programu ya kubana vilele vya sauti, isiibane zaidi ya desibeli 3. Ikifika 8, kiki inazama na unabaki na ukuta mmoja. Kisha sikiliza kwenye vyombo ambavyo watu watausikilizia: spika moja ya simu, redio ya bajaji, na sabufa ya sebuleni. Sabufa ndiyo mtihani mgumu, kwa kuwa nyingi huvimbisha heziti 60 hadi 100 bila kuulizwa. Besi iliyo sawa kwenye hedifoni itafunika gitaa pale.

Hapa kuna somo tunaloliona kila Juni pale Bujora, Kisesa, katika Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma. Makundi mawili hasimu ya ngoma, Wagika na Wagalu, hucheza kwa wakati mmoja uwanjani, na mshindi ni yule atakayevuta umati mkubwa. Kundi linaloshinda aghalabu si lile lenye ngoma nyingi. Ni lile ambalo sauti ya kiongozi wake inapenya juu ya ngoma zote mbili, zake na za mpinzani, na sauti ya binadamu hupenya kati ya heziti 1,000 na 4,000. Gitaa lenye fazi linapenda kukaa papo hapo. Basi kwenye beti gitaa lishuke nyuzi za chini au linyamaze, kama linavyofanya kwenye baadhi ya beti za Cartoon Darkness, na liachiwe eneo lote mwimbaji anapovuta pumzi. Uamuzi huo ni wa mazoezini, na hauhitaji hata shilingi.

Wimbo ukikamilika, utoe kwa MP3 ya kilobiti 320, ambayo kwa dakika 3 ni megabaiti 7 na ushee. Ya kilobiti 128 ni chini ya 3, na ndiyo inayosambaa zaidi vibandani, lakini matoazi na fazi hugeuka maji yanayozunguka, na muziki huu umejengwa juu ya vitu hivyo viwili. Andika jina la bendi, wimbo, mwaka na namba ya mawasiliano ya bendi ndani ya faili lenyewe, na pia kwenye jina la faili, kwa sababu likishaingia kwenye memori kadi ya tatu au ya nne, picha ya jalada hupotea na jina la faili ndilo pekee linalobaki kuonekana kwenye redio ya gari.